Tangi la maji ya chumvi Kireka: washauri kumi na mmoja, samaki wawili wamekufa. Nimsikilize nani?

Fundi wa Friji, Kireka

Habari zenu. Nawaomba mvumilie urefu wa maelezo haya. Nikifupisha nitajibiwa kwa neno moja moja, na hayo maneno ya moja moja ndiyo yaliyonifikisha hapa nilipo.

Mimi ni fundi wa friji na viyoyozi, naishi Kireka, pembeni ya Kampala. Nilizaliwa kambini Jinja, baba alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili nilikianza kabla ya Luganda. Bahari niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka thelathini na miwili, nilipotumwa Mombasa kutengeneza mtambo wa chumba cha baridi. Siku ya mapumziko wenyeji wakanivisha miwani ya maji, nikachungulia kwenye matumbawe, nikamwona samaki wa kahawia iliyokolea, mapezi ya manjano, mistari miwili myeupe mwilini, anaingia na kutoka kwenye anemoni, mnyama wa baharini anayefanana na ua, pale pale alipozaliwa kukaa. Sikumsahau. Miaka sita nimekuwa nikimwaza.

Miezi miwili iliyopita mteja wangu wa Muyenga alikuwa anahama nchi. Akaniuzia tangi la kioo la lita 200, pampu mbili, taa, hita, vipimo viwili vya chumvi majini (rifraktomita ya kupima kwa mwanga na haidromita ya mshale), na gunia la mawe makavu ya matumbawe. Nikanunua daftari la kurasa 96, nikaanza kuuliza watu na kuandika. Leo daftari lina washauri kumi na mmoja. Wahenga walisema fuata nyuki ule asali, lakini nyuki wangu kila mmoja ameruka upande wake.

Nianze na chumvi. Shemeji yangu ni mtu wa Kasese, akaniambia nisipoteze hela kwa chumvi ya pakiti ilhali chumvi ya Katwe imevunwa na mababu zetu karne na karne. Muuzaji wa samaki mjini akasema hapana, chumvi ya pakiti tu. Dereva wa lori rafiki yangu akasema vyote hivyo ni upuuzi, yeye ataniletea maji yenyewe ya bahari kutoka Mombasa kwa jerikeni.

Maji nayo. Mmoja: maji ya bomba, yalaze usiku mmoja klorini itoke. Wa pili: usithubutu, ni lazima maji ya mtambo wa RO, ule unaochuja karibu kila kitu kilichoyeyuka majini. Wa tatu, jirani: tega mvua, hakuna maji safi kama ya Mungu. Mvua yangu inatoka kwenye mabati.

Kiwango cha chumvi, yaani uzito wa maji ukilinganishwa na maji matupu ambayo ni 1.000: muuzaji anaweka 1.020 na samaki wake dukani wazima kabisa, nimewaona kwa macho yangu. Kijana mmoja wa Mombasa ambaye kazi yake ni samaki akaniambia 1.026, chini ya hapo unawatesa. Muda wa kusubiri kabla ya kuweka samaki: muuzaji aliniuzia chupa ya bakteria wa kula uchafu wa samaki, akasema siku ya tatu weka samaki. Video zote nilizotazama zinasema wiki nne hadi sita.

Nilimsikiliza muuzaji, kwa kuwa yeye tunaonana uso kwa uso. Siku ya tatu nikaweka damseli wanne, wale wadogo wa buluu. Siku ya nane nikapima: amonia, ile sumu itokanayo na uchafu wa samaki, 1; pH, kipimo cha asidi ya maji, 7.8; chumvi 1.020. Hapo ndipo nilipoharibu.

Ilikuwa Jumamosi. Kati ya saa kumi na saa kumi na mbili jioni nilifanya mambo matatu. Video moja ilisema pH ya bahari ni 8.3 na chini ya hapo ni hatari, nikaweka poda ya kupandisha pH. Nikakumbuka neno la kijana wa Mombasa, nikayeyusha kilo moja na nusu ya chumvi kwenye ndoo nikaimimina polepole mpaka kipimo kikapanda. Na mshauri mwingine alikuwa amesema mapovu ya jiwe la hewa hurusha chumvi kwenye taa, pampu zinatosha, nikalizima jiwe la hewa.

Jumapili asubuhi wawili walikuwa wamelala chini. Wa tatu alikuwa juu kabisa, mdomo kwenye uso wa maji, mashavu yanakwenda mbio. Wa nne amejificha nyuma ya jiwe. Binti yangu wa miaka minane ndiye aliyewaona kwanza. Nikaliwasha tena jiwe la hewa, nikakaa mbele ya kioo mpaka saa nne sikwenda hata kanisani.

Wawili bado wako hai, leo ni Jumanne. Maswali yangu ni mawili. La kwanza, nifanye nini sasa hivi kwa hawa waliobaki? La pili ndilo linaloniuma zaidi. Hao washauri si waongo. Kila mmoja ana samaki wake, wengine kwa miaka. Mtu asiyejua kitu atachaguaje kati ya wajuzi wawili wanaopingana?

---

Mwana wa Mtwapa, Mombasa

Pole sana ndugu yangu, na pole kwa binti. Nimefanya kazi miaka tisa kwenye mahodhi ya samaki wa mapambo, pale wanapokaa kabla ya kusafirishwa ng'ambo. Niruhusu nikufungulie siri ya 1.020, kwa sababu imekuchanganya bila kosa lako.

Muuzaji hakukudanganya. Maduka mengi huweka chumvi chini, 1.018 mpaka 1.020, kwa sababu mbili: vimelea vya ugonjwa wa madoa meupe havipendi maji mepesi, na chumvi ni ghali. Samaki anakaa pale wiki mbili tatu kisha anauzwa. Hodhi halina matumbawe, halina anemoni, halina kamba. Kwa kazi yake, 1.020 ni sawa. Wewe unataka samaki akae miaka, na siku moja unamtaka yule uliyemwona kwenye anemoni. Anemoni haistawi kwenye 1.020. Kwa hiyo yule kijana aliyekuambia 1.026 naye amesema kweli, kwa tangi analolijua yeye.

Alichosahau kukuambia ni mwendo. Kupanda kutoka 1.020 hadi 1.026 ni safari ya siku sita, kipimo 0.001 kwa siku. Ukiipanda kwa saa mbili maji yanamvuta samaki maji ya mwilini. Kushuka anavumilia zaidi, kupanda ndiko kunakomuumiza.

Mambo mengine kwa haraka. Chumvi ya Katwe iache kwenye ng'ombe na ngozi na mboga. Maji ya ziwa lile yana magadi na salfeti nyingi, kalsiamu na magnesiamu yake ni kidogo mno. Ni chumvi kweli, ila si bahari. Maji ya dereva yanafaa, mradi asiyachote bandarini wala kwenye mkono wa bahari karibu na mji. Achote upande wa wazi, maji yakiwa yamejaa, kwenye mitungi isiyowahi kubeba mafuta ya kula wala dizeli. Lakini piga hesabu: zaidi ya kilomita elfu moja, na tangi lako ni mitungi kumi kabla hujabadilisha hata tone. Mvua ya mabati iache kabisa. Mabati yamepakwa zinki, na zinki ni sumu kwa kamba, konokono na anemoni.

Na yule samaki wako wa mistari miwili hahitaji anemoni ili aishi. Ukiambiwa atakufa bila anemoni usikubali. Anemoni ndiyo inayohitaji tangi lililokomaa, mwaka mmoja hivi. Siku ukifikiria matumbawe magumu, jua yako kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kuyavusha mpaka bila kibali ni kesi.

Sasa hivi: usibadilishe maji. Tangi limeyumbishwa vya kutosha. Liache litulie, punguza chakula, jiwe la hewa liwake usiku na mchana.

---

Mama Nkejje, Ntinda

Mwanangu, nimesoma nikalia kidogo, kwa maana nami nilipoanza niliua tangi zima kwa siku moja. Mimi nafuga samaki wa maji matamu, hasa nkejje, samaki wetu wadogo wa ziwa hili la Nalubaale (Viktoria), mwaka wa kumi na nne sasa. Wengi wananiambia nkejje ni wa kukaushwa na kupikiwa watoto, lakini tangu mbuta (sangara) aletwe ziwani miaka ya 1950 aina zao nyingi zimepotea, na mimi nikimpata dume wa rangi ya moto siwezi kumwacha. Kwa hiyo sitakuambia uache bahari uje kwetu. Najua mtu akishapenda samaki fulani hakuna wa kumbadilishia.

Ila kwa hili simkubali ndugu wa Mtwapa. Tangi jipya lenye samaki ndani halitulii lenyewe. Amonia inageuka naitraiti, na naitraiti inashika damu ya samaki mpaka inakuwa ya kahawia, samaki anakosa hewa ilhali maji yana hewa. Ndiyo maana unamwona juu anahema. Badilisha nusu ya maji leo, nusu kesho, nusu keshokutwa, mpaka naitraiti isome sifuri. Nimeokoa samaki wengi hivyo.

Na jambo la umeme hujalitaja. Hapa kwetu hukatika. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla hujanunua samaki mwingine yeyote. Ile inayojiwasha yenyewe umeme ukienda. Mimi mwaka fulani nilipoteza samaki ishirini na sita katika usiku mmoja kwa kukosa kitu kinachoingia mfukoni.

---

Fundi wa Friji, Kireka

Asanteni sana, wote wawili. Lakini mnaona? Mmoja ana miaka tisa, mwingine kumi na minne, na mmeniambia vitu viwili visivyokaa pamoja. Nibadilishe nusu, au nisiguse? Samaki wako mbele yangu ninapoandika.

Vipimo vya jioni hii: amonia 0.5. Naitraiti 2. pH 8.2 asubuhi, ila saa moja usiku inashuka mpaka 7.9 sijui kwa nini. Joto nyuzi 24 alfajiri, 26 jioni. Chumvi haidromita inasema 1.026 na rifraktomita inasema 1.023. Hata vipimo vyenyewe vinabishana. Rifraktomita niliiseti sifuri kwa maji ya chupa ya dukani.

Tangi liko sebuleni, mlango wa jikoni uko hatua tano.

---

Mwalimu wa Kemia, Arua

Ndugu fundi, salamu kutoka Arua. Mimi nafundisha kemia sekondari na sijawahi kuwa na tangi la samaki, hilo ulijue kabla hujanisikiliza. Ila umetoa namba, na namba naweza kuzisoma.

Kwanza waliokufa. Amonia majini ina sura mbili. Moja ni ayoni ya amonia, haina madhara makubwa. Nyingine ni amonia huru, hiyo ndiyo inayopenya mashavu ya samaki. pH ndiyo inayoamua kila sura iwe kiasi gani. Kwenye maji ya chumvi ya nyuzi 25, pH ikiwa 7.8 amonia huru ni kama 3 katika kila 100. pH ikiwa 8.3 ni kama 8. Amonia yako ilikuwa miligramu 1 kwa lita, na jioni ile hukuiongeza hata kidogo. Ulipoweka poda, sumu halisi ilipanda kutoka 0.03 hadi 0.08, karibu mara tatu, ndani ya saa moja. Aliyesema pH ya bahari ni 8.3 amezidisha kidogo tu, wastani wake ni kama 8.1. Aliyesema weka samaki mapema kwa bakteria ya chupa, nadhani kwake huwa inakubali. Mashauri hayo mawili hayakupaswa kukutana katika tangi moja.

Pili, jiwe la hewa. Hapa ningependa watu wa pwani na watu wa video wasikie, kwa sababu hili hawalioni walipo. Maji ya bahari ya nyuzi 25 yakishiba oksijeni usawa wa pwani hubeba karibu miligramu 6.7 kwa lita. Maji matamu hubeba zaidi, kama 8.2. Kampala iko takriban mita 1,200 juu. Hewa ni nyepesi, na maji yale yale ya chumvi yanashiba yakiwa na kama 5.9 tu. Wanafunzi wangu huchemsha maji hapa Arua wakashangaa kipimajoto kugoma kwenye 96. Ni sababu ile ile. Kwa hiyo mtu wa Mombasa au wa Florida akizima jiwe la hewa ana akiba. Wewe huna, na usiku ule mashavu ya samaki yalikuwa tayari yameungua kwa amonia.

Kuhusu pH inayoshuka saa moja usiku: nyumbani mnapika kwa nini?

Tatu, naitraiti. Mama Nkejje amesema kweli tupu kuhusu samaki wa maji matamu. Naitraiti huingia kwenye damu kwa mlango ule ule wa kloraidi, sehemu kubwa ya chumvi, mashavuni. Kwenye maji matamu kloraidi ni haba, kwa hiyo naitraiti inapita bila kusukumana na mtu. Kwenye maji ya bahari kuna kama gramu 19 za kloraidi katika kila lita. Mlango umejaa. Naitraiti 2 ambayo ingeweza kumuua nkejje wake, kwa damseli wako si kitu cha kukukosesha usingizi.

Lakini sisemi usibadilishe maji. Amonia yako ni 0.5 na pH ni 8.2, maana yake amonia huru ni kama 0.03. Hiyo bado inauma. Kwa hiyo badilisha, kwa ajili ya amonia, si kwa ajili ya naitraiti. Theluthi moja, siyo nusu kila siku, na maji mapya yawe na chumvi ile ile na joto lile lile. Poda ya pH ifungie kabatini.

Ili ujue chumvi ile ile ni ipi, usimwamini hakimu yeyote kati ya hao wawili kabla ya kumpima. Pima gramu 36.5 za chumvi kavu ya mezani, weka kwenye gramu 963.5 za maji safi, koroga mpaka iishe. Mchanganyiko huo mwanga unapinda ndani yake sawa na maji ya bahari ya gramu 35 kwa kilo. Tia tone kwenye rifraktomita. Inapaswa kusoma 1.026. Isiposoma hivyo, tofauti uliyoiona ndiyo tofauti ya kuongeza au kupunguza kwenye tangi. Kuiseti kwa maji matupu hakutoshi, ni kama kuhakiki mizani ya gunia kwa kuiacha tupu. Haidromita ya mshale nayo, povu moja likigandamana na mshale linaunyanyua na kipimo kinadanganya kwenda juu.

---

Mwana wa Mtwapa, Mombasa

Mwalimu, nimekuelewa. Mahodhini kwetu maji yanapita moja kwa moja kutoka baharini usiku na mchana, amonia haipati hata nafasi ya kukaa, ndiyo maana ushauri wangu wa kuacha litulie hutufaa. Tangi la lita 200 lililofungwa si hodhi. Fundi, badilisha hiyo theluthi.

Ila kwa robo badala ya theluthi ningelala vizuri zaidi. Samaki aliyechoka hapendi mkono ndani ya tangi.

---

Mama Nkejje, Ntinda

Miaka kumi na minne sikujua habari ya kloraidi. Ingawa nakumbuka bibi mmoja aliyenifundisha alikuwa akitia kijiko cha chumvi kwenye tangi la nkejje naitraiti ikipanda, nikadhani ni desturi yake tu. Asante mwalimu.

Mwanangu, wapo wawili kule Kampala nimewaambia nusu kila siku kwa samaki wa bahari. Nawapigia leo.

---

Fundi wa Friji, Kireka

Nimerudi, ni Ijumaa usiku.

Mwalimu, tunapika kwa sigiri. Makaa. Saa kumi na mbili unusu mke wangu huwasha, na mvua hizi tunafunga madirisha. Uliponiuliza nilisimama nikaangalia mlango wa jikoni kwa muda. Hewa ya makaa inaingia majini, pH inashuka, na mimi nilikuwa nanunua poda ya kuipandisha. Na si samaki tu wanaovuta hewa hiyo, sisi pia tumo. Sigiri imehamia barazani tangu Jumatano. Jana saa moja usiku pH ilikuwa 8.1, na sikuweka kitu chochote majini.

Chumvi: nilitengeneza mchanganyiko kwa mzani wa jikoni, binti akanisomea namba. Rifraktomita ikasoma 1.024 mahali pa 1.026. Kwa hiyo inapunguza mbili, na tangi langu ni 1.025. Nitaliacha hapo hapo.

Maji: nilibadilisha jerikeni mbili na nusu, lita 50. Ni kati ya robo ya ndugu wa Mtwapa na theluthi ya mwalimu nikihesabu nafasi inayoliwa na mawe. Maji ya bomba niliyapitisha kwenye chujio la RO la mteja mmoja mwenye kiwanda kidogo cha maji ya kunywa, aliniuzia kwa bei ya jerikeni. Niliyachanganya na chumvi siku moja kabla, pampu ndogo ikizungusha, hita ndani. Amonia Jumatano ilisoma 0.25. Jana 0.25. Leo rangi iko kati ya 0.25 na sifuri, nimemwita mke wangu atazame naye akasema hivyo hivyo. Naitraiti imepanda mpaka 5, na sijaigusa.

Pampu ya betri nimeipata. Alhamisi umeme ulikatika saa tatu hadi saa tano usiku ikajiwasha yenyewe. Nilikuwa kazini Mukono, binti akanipigia simu kuniambia mapovu yapo.

Daftari nimelichora upya. Kila ushauri sasa una safu ya pili pembeni: huyu anayesema ana tangi gani, liko wapi, samaki gani, maji yake yanatoka wapi, na lina umri gani. Kati ya washauri kumi na mmoja, nimeweza kujaza safu hiyo kwa wanne tu. Wengine sikuwahi kuwauliza. Mshauri wa jiwe la hewa nilimpigia jana, kumbe ana tangi lenye mfereji unaomwaga maji kwa kishindo kwenye tangi la chini, maji yake yanapigwa hewa saa zote. Langu halina. Kisha nikajiwekea sharti moja: jambo moja kwa siku tatu, na kipimo kabla na baada. Kwenye friji ndivyo ninavyofanya miaka yote, sibadilishi gesi na kompresa na kapilari kwa siku moja halafu nikajidai kujua ni kipi kilichokuwa kibovu. Sijui kwa nini mbele ya maji nilijisahau.

Damseli aliyekuwa anahema juu ameshuka leo. Saa nne asubuhi alitoka mpaka katikati, akachukua chembe mbili za chakula, akarudi. Yule wa nyuma ya jiwe bado hajatoka, lakini namwona mkia.

Ndugu wa Mtwapa, dereva anaondoka Mombasa Jumatatu. Nimemwambia mtungi mmoja tu, nataka niupime kando ya maji yangu. Achotee wapi hasa, upande wa Nyali au mbele zaidi kama Kikambala? Na awahi maji kujaa saa ngapi?